Kwinini, Majivu na Jiwe la Kijani: Historia ya Besi Dhaifu za Kabambare

Tarehe 21 Septemba 1869 msafara kutoka Ujiji uliingia Bambarre, mji ambao leo ni Kabambare, kusini mwa Maniema. Mkubwa wa msafara alikuwa mfanyabiashara Muhammad bin Gharib. Miongoni mwa watu wake alikuwemo mgeni Mskochi, David Livingstone, mgonjwa na mchovu, aliyekuwa akiutafuta mto Lualaba. Moenekuss, mtawala wa mahali pale, alikuwa amekwisha kufariki, na waliowapokea wageni walikuwa wanawe.

Livingstone alikuwa daktari. Alipata leseni yake Glasgow mwaka 1840, na katika safari ya Zambezi miaka ya 1858 hadi 1864 alitengeneza vidonge vyake mwenyewe vya homa: kwinini, kalomeli, utomvu wa jalapa na rubarbu, vikachanganywa na kufinyangwa pamoja. Vidonge hivyo vilisifiwa sana, na baadaye kampuni ya Uingereza iliviuza kwa wasafiri kwa jina lake. Lakini daktari huyu aliingia Bambarre mikono mitupu. Tarehe 20 Januari 1867, akiwa bado mbali kusini, wapagazi wawili walitoroka na sanduku lililokuwa na dawa zake zote. Katika daftari aliandika kwamba alijihisi kama mtu aliyesomewa hukumu ya kifo. Kwa hiyo alipofika nchi ya Manyema, yaani Maniema, alikuwa ameishi zaidi ya miaka miwili bila akiba ile ya kwinini, na homa zilikuwa zimemla mwili.

Alijaribu kutoka Bambarre kwenda Lualaba, akashindwa. Tarehe 22 Julai 1870 alirudi akiwa na watu watatu tu waliobaki naye, Susi, Chuma na Gardner, na miguu yake ilikuwa imeliwa na donda ndugu. Alikaa pale hadi Februari 1871. Aliisoma Biblia yote mara nne akiwa Manyema. Karatasi zikamwishia, wino ukamwishia, akaanza kuandika kwa wino wa mimea juu ya magazeti ya zamani. Dawa ya vidonda aliipata kwa Muhammad bin Gharib: jiwe la kijani, malakiti ya Katanga, linasagwa juu ya jiwe jingine kwa maji, kisha linapakwa kwa unyoya wa ndege. Aliandika kwamba hicho ndicho kitu pekee kilichomletea nafuu.

Mtu anayesoma habari hizi kwa macho ya kemia ataona jambo ambalo Livingstone hakuwa na namna ya kuliona. Kwinini aliyoikosa ni besi dhaifu, yaani kitu kinachopokea protoni kutoka kwa asidi, ila si kwa nguvu. Malakiti aliyopaka ni kabonati ya shaba yenye haidroksidi ndani yake, yaani nayo ina tabia ya besi. Na nje ya nyumba, jikoni, kulikuwa na besi ya tatu: maji ya majivu. Watu wa misitu ya Kongo wamechuja majivu tangu zamani kupata chumvi ya mimea, na majivu hayohayo, yakipikwa na mawese, hutoa sabuni. Kinachofanya kazi katika majivu ni hasa kabonati ya potasiamu. Ipi kati ya besi hizi ina nguvu zaidi, na kwa kiasi gani? Mwaka 1870 hakuna aliyeweza kujibu kwa namba, si Bambarre wala Paris.

Ila walikuwa na njia ya kukisia. Mwaka 1820 Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Bienaimé Caventou walitenga kwinini kutoka katika gome la mkwinini huko Paris, na kazi yao ilikuwa, bila wao kuiita hivyo, shindano la besi. Kwinini yenyewe haiyeyuki vizuri katika maji. Ukiipa asidi, inapokea protoni, inakuwa chumvi, na chumvi hiyo inayeyuka. Kwa hiyo gome huchemshwa katika maji yenye asidi hadi kwinini itoke. Kisha inatiwa besi yenye nguvu kuliko kwinini, kama magnesia au chokaa. Besi hiyo inainyang'anya kwinini ile protoni, na kwinini, ikiwa haina tena chaji, inatuama chini kama unga mchungu. Kila kiwanda cha kwinini duniani kimeishi kwa kanuni hii: besi kali huifukuza besi dhaifu kutoka katika chumvi yake.

Njia hii huonyesha nani anamshinda nani. Haionyeshi amemshinda kwa kiasi gani. Chokaa inaifukuza kwinini, na inaifukuza amonia pia, lakini ukitaka kujua amonia na kwinini zinatofautianaje unabaki ukipapasa. Kwa miaka zaidi ya sitini wakemia walipanga besi kwa foleni, nani mbele na nani nyuma, bila kipimo cha masafa kati yao.

Kipimo kilikuja kwa umeme. Mwaka 1884 Msweden Svante Arrhenius alidai katika tasnifu yake kwamba chumvi, asidi na besi zikiyeyushwa hugawanyika kuwa chembe zenye chaji, ayoni, na kwamba ndizo zinazobeba umeme ndani ya maji. Walimu wake walimpa alama ya chini. Wilhelm Ostwald, aliyekuwa Riga wakati huo na baadaye Leipzig, alimwamini mapema. Mwaka 1888 Ostwald alitoa kanuni ya uzimuaji: ukipima jinsi myeyusho unavyopitisha umeme, ukauzimua kwa maji na kupima tena, unaweza kukokotoa namba moja ambayo haibadiliki hata ukolezi ukibadilika. Alianza na asidi, akazipima kwa mamia. Besi zilikuwa kazi ngumu zaidi, kwa sababu hewa ina kaboni dioksidi, ambayo ni asidi inayoingia kimyakimya katika chombo na kuharibu kipimo. Kazi hiyo alipewa kijana mwanafunzi wake, Georg Bredig.

Sasa turudi Maniema, maana miaka hiyohiyo nchi ilikuwa ikiungua. Msafiri Henry Morton Stanley alikuwa amepita Kabambare Oktoba 1876, akawakuta watu bado wanamkumbuka yule mzee mweupe. Kasongo, makao ya mfanyabiashara Tippu Tip na kisha ya mwanawe Sefu, ulikuwa umekua ukawa mji mkubwa wenye bustani za matunda na mashamba ya mpunga, uliojengwa kwa jasho la watumwa. Mwaka 1892 vita vilizuka kati ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold na Waarabu na Wangwana. Jeshi la Dola Huru chini ya Francis Dhanis, likiwa na maelfu ya wapiganaji wa chifu Gongo Lutete, liliingia Nyangwe Machi 1893 na kuutwaa Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Sefu alikufa vitani Oktoba mwaka huo. Januari 1894 Kabambare nayo ikaanguka, na Rumaliza, wa mwisho kati ya wakubwa waliopigana, akakimbilia mashariki ya Tanganyika.

Ndani ya jeshi la Dhanis alikuwemo daktari Mwingereza, Sidney Langford Hinde, ambaye mwaka 1897 alichapisha kitabu juu ya vita hivyo na baadaye akawa ofisa wa serikali Kenya. Kwinini ilikuwa silaha ya jeshi hilo kama bunduki zilivyokuwa, na hili tuliseme waziwazi: unga uleule ulioponya homa ndio uliowezesha maofisa wa Ulaya kukaa ndani ya Kongo muda wa kutosha kuiteka. Wapagazi, askari wa kawaida na wanavijiji hawakuwa na akiba ya dawa hiyo. Kwa vizazi viwili kwinini ilipita Maniema ndani ya masanduku ya wengine.

Mwaka uleule wa 1894, wakati bendera ya Leopold ilipokuwa ikipandishwa Kabambare, Georg Bredig alichapisha Leipzig matokeo yake juu ya nguvu za besi. Alikuwa bado kijana. Alikuwa amepima kwa umeme amonia na mfululizo mrefu wa jamaa zake, amini, na kila moja akaipa namba yake. Sioni uhusiano wowote kati ya matukio hayo mawili zaidi ya kalenda. Lakini kwa mtu anayetaka kuielewa historia ya dawa za homa Kabambare, yote mawili ni ya lazima, na ni haki kuyakumbuka pamoja. Bredig mwenyewe, akiwa wa asili ya Kiyahudi, alikimbia utawala wa Hitler mwaka 1939 kwenda Uholanzi, kisha Marekani, akafia New York mwaka 1944.

Namba aliyoitoa ndiyo tunayoiita leo konstanti ya uayonishaji wa besi, Kb. Maana yake ni nyepesi kuliko jina lake. Chukua amonia. Ukiiyeyusha katika maji, baadhi ya molekuli zake hunyakua protoni kutoka kwa maji na kuacha haidroksidi, na nyingine hurudisha. Baada ya muda mfupi sana kunyakua na kurudisha kunalingana, na hesabu inatulia. Kb ni ukolezi wa zilizonyakua ukizidishwa kwa ukolezi wa haidroksidi, kisha ukagawanywa kwa ukolezi wa zilizobaki kama zilivyokuwa. Kwa amonia katika nyuzi 25, jibu ni 1.8 × 10⁻⁵.

Kwa nini tusiseme tu ni asilimia ngapi imeayonika? Kwa sababu asilimia haitulii. Katika myeyusho wenye moli 0.1 za amonia kwa lita, ni molekuli kama 13 tu katika kila 1,000 zilizonyakua protoni. Uzimue hadi moli 0.001 kwa lita, zinakuwa kama 125 katika kila 1,000. Amonia ni ileile. Maji ndiyo yamezidi. Anayelinganisha besi mbili kwa asilimia, bila kuangalia ukolezi, analinganisha vyombo vyake wala si besi zenyewe. Kb hubaki 1.8 × 10⁻⁵ katika miyeyusho yote miwili, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Wanafunzi wengi hukwama hapa, wakidhani maji mazito ya majivu yana besi kali kuliko maji mepesi ya majivu. Besi ni moja. Kilichobadilika ni wingi wake.

Basi tuipange nyumba ya Bambarre. Kabonati ya majivu ina Kb karibu 2 × 10⁻⁴, mara kumi na kidogo ya amonia. Ndiyo maana maji ya majivu yanateleza vidoleni, yanakata mafuta na kupika sabuni. Amonia inafuata. Kwinini iko chini ya amonia, karibu 3 × 10⁻⁶. Chini zaidi iko baikabonati, ile ambayo kabonati inageuka ikishapokea protoni moja: karibu 2 × 10⁻⁸, dhaifu mara elfu kumi kuliko mama yake, na ndiyo sababu mtu anaweza kuinywa kutuliza tumbo ambapo maji makali ya majivu yangemchoma koo. Malakiti inakataa kuingia katika foleni hii, kwa kuwa karibu haiyeyuki kabisa, na Kb huzungumza juu ya kilichoyeyuka tu. Nafuu ya donda ndugu la Livingstone nadhani ilitokana zaidi na shaba, ambayo huua vijidudu vingi, kuliko na ubesi wa jiwe.

Kwinini yenyewe ina siri nyingine. Ina atomu mbili za nitrojeni, na kila moja ina Kb yake. Ile iliyo katika kizimba cha kwinuklidini ndiyo yenye 3 × 10⁻⁶. Ile iliyo katika pete bapa ya kwinolini ina 10⁻¹⁰ hivi, dhaifu mno, jirani wa anilini ya viwanda vya rangi. Molekuli moja, besi mbili, na pengo la mara elfu thelathini kati yao. Tofauti hii tutaihitaji mbele.

Kwanza tuufuate mti wenyewe. Miti ya kwinini ilitoka milima ya Andes. Mwaka 1865 Waholanzi walinunua mbegu ambazo Charles Ledger alizipata Bolivia kupitia Manuel Incra Mamani, na kutokana nazo Java ikaja kutoa sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia. Wajerumani walipanda mikwinini Amani, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wabelgiji waliipanda Kivu, kwenye udongo wa volkano na baridi ya milima. Machi 1942 Java iliangukia mikononi mwa Wajapani, na majeshi ya Washirika yakabaki bila ghala lao la kwinini. Ghafla magome ya Kivu yakawa mali ya vita. Bukavu ilipata kiwanda chake, na Pharmakina ya mji huo ikaja kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa kwinini duniani. Gome likasagwa, alkali ikatiwa, kwinini huru ikatolewa kwa kiyeyushi na kurudishwa kuwa chumvi kwa asidi. Ni shindano lilelile la Pelletier na Caventou, sasa upande wa pili wa milima inayotazamana na Maniema.

Swali ambalo halikuwa na jibu kwa muda mrefu ni kwa nini kwinini, kati ya maelfu ya vitu vichungu, inakiua kijidudu cha malaria. Sehemu kubwa ya jibu imo katika Kb. Kijidudu kinapokaa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula hemoglobini, na kina kifuko cha kuimeng'enyea. Damu ina pH 7.4 (pH ikiwa ndogo, asidi ni nyingi). Kifuko kina asidi, pH 5 na kidogo. Katika damu, kwa sababu ya Kb yake, kama asilimia 93 ya kwinini imepokea protoni na ina chaji, na asilimia 7 haina. Chembe zenye chaji hazipiti kirahisi kwenye utando wenye mafuta. Zile asilimia 7 hupita, zinaingia hadi kifukoni, zinakutana na asidi, zinapokea protoni, na hapo zimenaswa, kama samaki aliyeingia mgono wa Lualaba: njia ya kuingia ipo, ya kutoka haipo. Damu inapeleka nyingine, nazo zinanaswa. Hesabu ya kunaswa peke yake inatoa ukolezi wa kwinini ndani ya kifuko mara 150 hivi ya ule wa nje. Humo inazuia kijidudu kuifungia kando sumu ya himu inayobaki baada ya kula damu, na kijidudu kinakufa kwa chakula chake.

Angalia sasa jinsi udhaifu wenyewe ulivyo dawa. Kama kwinini ingekuwa besi kali, karibu yote ingebeba chaji katika damu na isingepita popote. Kama ingekuwa na ile nitrojeni ya pete peke yake, yenye 10⁻¹⁰, ingepita kila mahali na isingenaswa vya kutosha popote, kwa kuwa hata asidi ya kifuko isingeweza kuipa chaji ipasavyo. Inafanya kazi kwa sababu imesimama katikati.

Kisha ikaja klorokwini. Hans Andersag aliitengeneza katika maabara za Bayer, Elberfeld, mwaka 1934. Wenzake waliiona kuwa na sumu mno, wakaiweka kando, na ni baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo ilipoenea. Nchi za Kongo ziliijua zaidi kwa jina la Nivaquine. Ina pete ileile ya kwinolini iliyo katika kwinini, ila mahali pa nne pa pete pamefungwa nitrojeni nyingine inayosukuma elektroni kuelekea ile ya pete. Msukumo huo unaipandisha Kb ya nitrojeni ya pete kutoka 10⁻¹⁰ hadi 10⁻⁶ hivi, mara elfu kumi. Na ile ya mkia wake ina Kb zaidi ya 10⁻⁴, karibu sawa na kabonati ya majivu. Kwa hiyo klorokwini ina besi mbili zinazofanya kazi, si moja. Ikiingia kifukoni inapokea protoni mbili, na hesabu ya kunaswa haiongezeki mara mbili tu, inakaribia kujizidisha yenyewe: badala ya mara 150, inafika mara 20,000 hivi. Ulinganisho wa namba mbili ndogo kwenye jedwali la kemia unaeleza kwa nini kidonge cha bei nafuu kiliweza kufanya kile kilichohitaji siku nyingi za uchungu wa kwinini.

Ila kidonge kilihitaji njia ya kumfikia mgonjwa. Mwaka 1971 madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, chini ya mwongozo wa Pierre Mercenier na Harrie Van Balen, walianza kazi Kasongo pamoja na wauguzi wa Zaire. Hawakutaka kujenga hospitali kubwa. Walitaka vituo vidogo vya afya, kila kimoja na watu wake wanaojulikana, vikiwa na hospitali moja ya rufaa nyuma yao. Ripoti yao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo, iliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 1981, imebishaniwa hadi leo, na mpango wao ulisaidia kuzaa zoni za afya za nchi nzima. Katika vituo vya aina hiyo klorokwini ilikuwa dawa ya kila siku. Mtoto wa kijiji cha mbali alipata kwa mara ya kwanza, bila kuwa mgeni wala ofisa, dawa ya homa, kitu ambacho Livingstone alikikosa. Naliona hili kuwa tukio kubwa kuliko vita vyote vya Dhanis, ingawa vitabu vya historia vimelipa kurasa chache.

Halikudumu. Usugu wa malaria dhidi ya klorokwini uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuenea Zaire katika miaka ya 1980. Sababu ilijulikana vizuri mwaka 2000: protini moja kwenye ukuta wa kile kifuko, PfCRT, ilikuwa imebadilika kiasi cha kuitoa nje klorokwini yenye chaji. Kb ya dawa haikubadilika hata kidogo. Mlango ambao haukuwepo ulikuwa umetobolewa. Ni somo kwa yeyote anayedhani jedwali la konstanti linamaliza hoja: namba hizo zinaeleza besi ndani ya maji safi kwa nyuzi 25, na kijidudu hakiishi ndani ya chupa ya maabara.

Kongo iliacha klorokwini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2005 ikachagua mseto wa artesunate na amodiakwini. Artesunate inatokana na artemisinini, iliyotengwa China mwaka 1972 na kikosi cha Tu Youyou, na nguvu yake haitokani na ubesi. Lakini mwenzake ndani ya kidonge, amodiakwini, ni mtoto wa ukoo uleule wa kwinolini, besi dhaifu inayonaswa kifukoni. Na kwinini ilibaki sindano ya malaria kali hadi utafiti wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo, ulipotoka mwaka 2010: waliotibiwa kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliotibiwa kwa artesunate asilimia 8.5. Baada ya hapo sindano ya kwinini ilianza kurudi rafuni.

Habari ya besi dhaifu Kabambare haikuishia kwenye homa. Namoya, karibu na Salamabila, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Kabambare, kuna dhahabu, na kampuni ya Banro ilitangaza uzalishaji wa kibiashara hapo Januari 2016, kabla ya ukosefu wa usalama kuusimamisha mwaka 2019. Dhahabu ya migodi ya aina hiyo huyeyushwa kwa sianidi. Ayoni ya sianidi nayo ni besi dhaifu, Kb yake ni 1.6 × 10⁻⁵, karibu pacha wa amonia. Katika pH 9.2 nusu yake imepokea protoni na kuwa asidi ya sianidi, ambayo huchemka katika nyuzi 26 tu, yaani hugeuka gesi katika joto la kawaida la Maniema, na gesi hiyo huua. Ndiyo sababu migodi ya sianidi hutia chokaa hadi pH ipande kama 10.5, ambapo kiasi cha asilimia 95 ya sianidi hubaki ayoni ndani ya maji. Chokaa inayoifukuza kwinini kutoka katika chumvi yake ndiyo inayolinda mapafu ya mfanyakazi wa mgodini, na kwa sababu ileile: ni besi inayoshinda.

Nje ya uzio wa mgodi wowote wa eneo hilo, wanawake wana kazi kinyume na hiyo. Mihogo michungu ina sianidi iliyofungwa ndani ya sukari. Wanailoweka siku kadhaa, maji yanachacha na kuwa na asidi, kisha wanaianika juani. Katika maji yaliyochacha, sianidi yoyote iliyokwisha kufunguliwa hupokea protoni karibu yote, na inapoanikwa huondoka na hewa kabla ya unga kusagwa. Mgodi unainua pH ili sianidi ibaki. Akina mama wanaacha pH ishuke ili iondoke. Kb ni moja kwa wote wawili. Siku za kuloweka zikipunguzwa, kwa sababu ya vita, njaa au haraka ya soko, sianidi hubaki ndani ya ugali, na sehemu nyingine za Kongo hali hiyo imeleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ya watoto na wanawake.